Mguu Ulioombewa Ukose

Mwanamke mwenye neno zito kifuani huanza kwa kuosha vyombo. Chimène alikuwa ameviosha vikombe vyote vya Claris, akaosha na sufuria ambayo haikuwa na hatia yoyote, na sasa alikuwa akiifuta meza ileile aliyoifuta muda mfupi uliopita. Kila gari lililopunguza mwendo nje lilimfanya asimamishe kitambaa na kusikiliza.

"Hiyo meza utaitoboa," Claris akamwambia.

Claris alikuwa Mkenya aliyekuja Ohio kusoma uhasibu, akapata kazi, akapanga nyumba hapa Westerville, kaskazini ya Columbus. Walijuana na Chimène kwenye mkutano wa kwaya, na urafiki wao ulikuwa ule wa kutukanana kwa upendo. Duniani kote ni yeye peke yake aliyejua alichokifanya Chimène mwezi wa Desemba. Chimène alikuwa amepanda basi asubuhi kutoka Louisville, nyumbani amedanganya kwamba anakuja kusukwa nywele kwa ajili ya sherehe ya kesho, na nywele hizo mpaka sasa zilikuwa bado zimefungwa kilemba.

"Mwambie tu," Claris akasema huku akitafuta funguo zake. "Akikasirika, akasirike. At least utakula chakula kama mtu. Mimi naenda kufua nguo, na nguo zangu leo ni nyingi, sitarudi haraka. Umenielewa?"

Chimène akaitikia kwa kichwa. Alielewa vizuri mno. Shida yake haikuwa kuelewa.

Sasa msomaji, ili usimhukumu kabla ya wakati, ni vizuri ujue mambo yalivyokuwa.

Mpenzi wake, Zihindula, alikuwa mchezaji wa mpira, ila si mpira ule unaoujua wewe. Ni ule wa Wamarekani, wa kukumbatia mikononi na kugongana mabega mpaka mtu anasahau jina la mama yake. Zihindula hakugongana na yeyote. Huyu alikuwa mtoto wa Bukavu aliyekulia kambini Uganda, akafika Buffalo na ukoo wake kama wakimbizi, na siku moja kocha akamwona akipiga mpira wa kawaida kwenye uwanja wa mtaani kwao, Riverside. Kocha akautazama ule mguu wa kulia jinsi mtu anavyotazama ng'ombe wa maziwa. Tangu hapo chuo kimoja kidogo cha pale kikawa kinamsomesha, na kazi yake uwanjani ikawa moja tu: wenzake wakikwama, yeye anaitwa, anaupiga mpira upite katikati ya nguzo mbili ndefu, kisha anarudi kukaa. Tonton Ezéchias, mjomba wake aliyemlea, alikuwa akimtania kwamba hajawahi kuona kibarua chepesi namna hiyo.

Mwaka ule wa 2015 chuo kilikuwa kinacheza msimu wake wa mwisho katika daraja la chini. Mwaka unaofuata kingepanda daraja, kikakutane na vyuo vikubwa vyenye viwanja vya kumeza mji mzima. Na timu, kana kwamba imeahidiwa kitu, ikawa inashinda tu. Ilishinda kwao, ikashinda ugenini, ikashinda mvuani. Mara nyingi ni mguu wa Zihindula ulioamua. Chimène alikuwa akitazama mechi kwenye simu kule Louisville, mtaa wa Iroquois, amejifungia chumbani asionekane na baba yake, na mpira ukipita katikati ya zile nguzo alikuwa akiuma mto ili asipige kelele.

Walipendana harusini, miaka miwili iliyopita, pale Louisville. Zihindula alikuwa akibeba viti, Chimène akigawa sahani, na macho yao yakakutana mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa viti na sahani. Tangu siku ile mapenzi yao yakawa ya simu. Kutoka kwake hadi kwa mwenzake ilikuwa safari ya kutwa nzima, na mtu anayefanya kazi ya kupakia maboksi ghalani, kama Chimène, hapewi ruhusa kila akitaka. Chimène alichoka kupendwa kwa sauti. Alimtaka mtu.

Hatimaye Papa Nshombo, baba yake, mzee wa kanisa na mtu wa msimamo, akakubali ukoo wa kijana uje kujitambulisha. Akachagua Jumamosi moja ya Desemba, msimu wa mpira ukiwa umekwisha. Hakuna aliyefikiria kwamba timu inayoshinda haimalizi msimu, inaongezewa. Nusu fainali ikaingia, na nyuma yake fainali, ambayo ilikuja kuangukia Jumamosi ileile. Zihindula akaomba siku isogezwe. Papa Nshombo akasema mashangazi wameshaomba ruhusa kazini, na mbuzi ameshaagizwa. Halafu akasema neno ambalo Chimène hakulisahau: "Kama siku hiyo mupira itamuita kuliko mutoto yangu, basi mupira njo bibi yake. Aioe."

Ndipo Chimène alipofanya alichofanya.

Kanisani kwao kuna kundi la wamama wa maombi linaloongozwa na Mama Rakeli. Wiki ya nusu fainali walikuwa katika kufunga, na kila mmoja huleta haja yake ili wote waibebe. Chimène akasimama, akasema haja yake ni mechi ya Zihindula, mengine Mungu anayajua. Wamama wakafurahi. Walimpenda yule kijana. Wakafunga bila hata maji, wakalia, wakapiga magoti kwenye sakafu ya baridi wakimwombea mkwe wao mtarajiwa ashinde. Katikati ya vilio vile, Chimène naye amepiga magoti, amefumba macho, moyoni mwake akaomba hivi: Bwana, akose. Ateleze. Wafungwe, arudi nyumbani, anioe.

Na Zihindula akakosa.

Ilikuwa Buffalo, theluji inashuka, mpira uko karibu kabisa na nguzo. Kwa umbali ule alikuwa hajakosa msimu mzima. Chimène aliuona kwenye simu ukienda, ukagonga nguzo, ukaanguka chini, akaona na uso wa Zihindula kamera ilipomsogelea. Mungu akampa nusu tu ya alichoomba, tena nusu yenye miba, maana wenzake walipigana mpaka wakashinda katika muda wa nyongeza. Fainali ikabaki palepale. Kocha akampa mwingine kazi ya kupiga, timu ikachukua ubingwa, na Zihindula akaushuhudia akiwa benchi na koti begani. Alikuwa ameomba asisafiri nao, aende Louisville. Kocha akamwambia bingwa hawaachi wenzake.

Huko Louisville Tonton Ezéchias alifika na wazee wenzake na vinywaji, bila bwana harusi. Papa Nshombo aliwapa viti, akawapa chakula, kisha akauliza kwa upole anayeoa ni nani, maana yeye anaona wazee watupu. Vinywaji vikarudishwa kwenye gari bila kufunguliwa. Wakapewa siku nyingine moja, Januari, na siku hiyo ilikuwa kesho. Zihindula na tonton wake walikuwa njiani kutoka Buffalo kwenda huko, na Chimène alikuwa amemwomba apitie kwanza hapa kwa Claris.

Majuto ni mjukuu, lakini huyu wa Chimène hakungoja kukua. Toka Desemba alikuwa anakaa naye mezani, analala naye, anaamka naye.

Kengele ikalia.

Zihindula aliingia na baridi yake. Akavua viatu mlangoni kama alivyofunzwa na mama yake, akasimama na soksi, mrefu, mwembamba kuliko alivyokuwa kiangazi, akamtazama tu. Chimène alikuwa amepanga asimkumbatie kabla ya kusema. Mpango huo ulimshinda pale pale. Alipouegemeza uso wake kwenye kifua kile, akasikia harufu ya sabuni na ya safari, akawaza kwamba mtu mwenye akili angenyamaza, angeolewa, angezaa watoto, na angekwenda na siri yake kaburini akiwa bibi kizee mwenye furaha.

"Umekonda," akamwambia.

"Ni weye umekonda," Zihindula akajibu.

Wakakaa. Chai ilikuwepo, akammiminia. Zihindula akaeleza kwamba Tonton Ezéchias yuko kwenye duka la Waafrika, ananunua vinywaji vingine, anasema vile vya Desemba vina mkosi. Suti iko garini. Safari hii hata theluji ikifika kifuani atafika kwa Papa Nshombo, akisukuma gari kama italazimu. Alikuwa akisema huku akitabasamu, lakini tabasamu lake lilikuwa na uchovu, na Chimène hakuweza kulitazama kwa muda mrefu.

"Kuna kitu nilitaka kukuambia kesho mbele ya batu yote," Zihindula akasema. "Lakini siwezi kungojea. Chimène, naacha Buffalo."

"Unaacha namna gani?"

"Naacha mupira, naacha na ile masomo. Nakuya kuishi Louisville. Tonton anajua mutu ku ghala moja pale, atanipatia kazi. Tutakuwa pamoja. Hautasikia tena sauti yangu mu simu."

Moyo wa Chimène uliruka. Tusidanganyane, uliruka kwa furaha. Kitu alichokilia miaka miwili kilikuwa kimewekwa mbele yake pamoja na chai. Akasikia midomo yake ikiuliza kuhusu timu, kuhusu kupanda daraja, hali moyo wake ukisema nyamaza, pokea, usiulize.

Zihindula akazungusha kikombe. Akaeleza kwamba chuo kimeleta mpigaji mwingine kwa ajili ya daraja la juu, kijana mwenye mguu mkubwa kutoka jimbo la mbali. Kocha hakumfukuza. Amemwambia mwezi wa nne kutakuwa na majaribio, wapige wote wawili, atakayeshinda abaki na nafasi na kulipiwa masomo. Wenzake wanamsihi ajaribu. Lakini yeye ameshaamua.

"Sababu ya nini?" Chimène akauliza. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Sababu Mungu alishajibu." Alisema bila uchungu, kama mtu aliyelala na jambo mpaka likapoa. "Mama Rakeli alinipigiaka simu ile juma. Akaniambia, mwanangu, bamama yote wamefunga juu yako, hata maji hawakunywa. Bon. Batu wanafunga, wanalia, wanaomba nipige vizuri, na nakosa mupira yenye mutoto angepiga. Hiyo ni nini kama si Mungu kusema hapana? Donc nikaelewa. Yeye njo amefunga mulango. Na jumapili, kama papa yako ananipokea kesho, nitasimama ku kanisa niwashukuru wale bamama. Juu ya ile maombi njo nimejua njia yangu."

Chimène akainuka. Akaenda mpaka kwenye sinki, akafungua maji, akayafunga. Hakukuwa na kikombe hata kimoja kilichobaki cha kuosha.

Alijua kwamba hapa ndipo mahali penyewe. Akinyamaza, kila kitu ni chake: mume, nyumba, Louisville. Zihindula atapakia maboksi mpaka mgongo ukunjike, akiamini ni mbingu zilizomtuma, na kila Jumapili ataimba kwaya karibu na mwanamke aliyezisemea mbingu uongo. Angeweza kuishi hivyo? Alijiuliza kwa dhati, na kilichomtisha ni kwamba angeweza. Watu wengi wanaishi na makubwa kuliko hayo na wananenepa.

"Usiwashukuru," akasema, mgongo wake ukiwa bado umemwelekea.

"Kwa nini?"

"Wao waliomba upige. Ni kweli, waliomba na machozi. Mi njo sikuomba vile." Akageuka, maana aliona ni haramu kumwambia mtu neno hili kwa kisogo. "Mi niliomba ukose, Zihi. Nilikuwa katikati yao, na magoti yangu chini. Nilimuambia Mungu uteleze, timu ipoteze, ukuye nyumbani siku ya papa. Nilifunga siku yote, sikuonja hata maji, juu ya ile."

Kikombe kilikuwa mkononi mwa Zihindula, akakiweka chini taratibu sana, kana kwamba kimejaa mpaka juu.

"Rudilia," akasema.

Akarudia. Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu hakuwa na haraka ya kumsukuma.

Zihindula akasimama, akaenda mlangoni, akachuchumaa na kuanza kuvaa viatu. Chimène hakumzuia. Alikuwa amejiapiza ndani ya basi kwamba hatamshika nguo. Machozi yalikuwa yanamshuka, na aliyaacha, lakini sauti yake aliilazimisha isimame.

"Nimekuya mpaka huku ili nikuambie mbele ya kesho," akasema. "Kesho kama kinywaji kinafunguliwa, hautaweza kurudi nyuma, itakuwa haya ya ukoo yako yote. Leo unaweza. Unaweza kumuambia tonton anageuza gari. Papa mi nitamuambia ni makosa yangu."

Mikono ya Zihindula ikaachana na kamba za kiatu. Alikaa vile vile, amechuchumaa, anatazama sakafu.

"Ile mupira Mungu hakuipiga," akasema baadaye. "Niliipiga mi. Niliinua kichwa mbele ya wakati, kocha alinionyesha mu video. Donc simukasirikii Mungu, na wale bamama siwakasirikii. Nilijidanganya mwenyewe, nikaona mulango kumbe ni ukuta ya mawazo yangu." Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini nilivyokosa, uwanja yote ilikuwa inanipigia kelele. Batu yangu, wenye jezi yetu, wananitukana. Nikasema mu roho, si kitu, kuna mutu mumoja Louisville yuko upande yangu. Ile njo ilinisimamisha. Sasa niambie. Ulikuwa upande gani?"

Chimène alitafuta jibu zuri. Yalikuwepo mengi: mapenzi, umbali, ukali wa baba, ujinga wa ujana. Yote yalikuwa na ukweli kidogo, na kila moja lilikuwa la kujificha.

"Upande yangu," akajibu. "Yangu mwenyewe."

Zihindula akatikisa kichwa polepole. Huenda jibu jingine lingemtoa nje ya mlango ule. Hili lilimfanya aketi chini kabisa, mgongo ukutani, kiatu kimoja kimevaliwa na kingine bado.

"Nakupenda," akasema, na haikusikika kama habari njema. "Kesho nitafika kwa papa yako, juu nilitoa neno. Lakini sijui nitaingia mule kama mume, ama kama mutu anatimiza neno tu. Mwezi wa nne nitaenda ku majaribio. Kama napata ile nafasi, ni miaka mbili ingine Buffalo, na papa yako hatakubali kungojea, unamujua. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi uniombee."

Akadhani hakusikia vizuri. "Sasa?"

"Sasa. Na si mu roho. Omba nisikie."

Chimène alipiga magoti pale pale kwenye zulia la Claris, karibu na viatu. Maisha yake yote alikuwa akiomba, tangu kambi ya wakimbizi alikokulia yeye naye, tangu hajajua kusoma, na leo maneno yalimkimbia kama watoto walioitwa kuoga. Akafumba macho. Akaanza kwa kumshukuru Mungu kwa uzima, kama wamama wanavyoanza, akajisikia anavyojificha nyuma ya shukrani, akaacha.

"Mungu Baba," akasema, "umupe Zihindula ile nafasi. Mwezi wa nne umusaidie. Mguu yake ikuwe na nguvu, mupira yake ipite katikati. Na abakie…"

Alifumbua macho akakuta ya Zihindula hayakuwa yamefumbwa hata kidogo. Yalikuwa yakimtazama kinywani.

"Maliza," Zihindula akasema.

Alimjua Mungu huyu. Mwezi uliopita alimwomba kitu kibaya kimoyomoyo, na angalau nusu yake akaiona kwa macho yake. Hiki je, kinachoombwa kwa sauti na mtu aliyepiga magoti, kwa nini kisisikiwe? Aliona miaka miwili ya simu. Akamwona na Papa Nshombo akiwakaribisha wazee wengine, wa ukoo mwingine, na vinywaji vyao vikifunguliwa. Akashika zulia kwa vidole.

"Abakie Buffalo," akasema. "Abakie mpaka anamaliza masomo. Hata kama papa yangu anakataa kungojea. Hata kama mi sitamupata, Mungu Baba, yeye apate."

Akangoja neno la mwisho litoke, likagoma.

Zihindula ndiye aliyesema amina.